Saa ya Hesabu, Kadutu

Miaka sita niliandika tarehe kwa mwandiko wa kusifiwa,
imla nikaisoma kwa sauti ya kufika barabarani,
lakini ikifika saa ya hesabu
macho yangu yalianza kutafuta mvulana.

“Mugisho, njoo ubaoni.”
“Cikuru, msaidie mwenzako.”
Watu walidhani nawapendelea.
Ukweli una aibu zaidi: nilikuwa najificha
nyuma ya migongo yao midogo,
kwa maana Mugisho akipata
hakuna aliyeuliza kama mwalimu naye angepata.

Wasichana niliwapa ufagio.
Niliwapa ndoo, wapande nayo kutoka bombani
kupitia ule mteremko unaoliwa na mvua,
wanyunyize vumbi la darasa kabla wavulana hawajaingia.
Kisha nikawasifu: “Mna adabu.”
Ndiyo sarafu niliyolipwa mimi nilipokuwa kama wao,
na haijawahi kuninunulia hata njugu.

Jumatano moja Mugisho akalala na malaria.
Cikuru akatazama dirishani, kama ameitwa huko.
Nikabaki mimi na chaki.
Robo tatu toa theluthi moja.
Nikatoa za juu: mbili.
Nikatoa za chini: moja.
Nikaandika jibu, mbili, nikalipigia mstari chini
ili lionekane limeamua.

Dawati la tatu, mkono ukainuka,
kucha nyeusi za binti anayepima makaa sokoni na mama yake.
“Mwalimu,” akasema Nsimire,
“tulikuwa na robo tatu ya gunia.
Tumepunguza.
Sasa magunia mawili yametoka wapi?
Mama angefurahi sana.”

Darasa zima likacheka, hamsini na nane,
hata Cikuru akarudi kutoka dirishani.

Neno “Kaa chini” lilikuwa tayari mdomoni.
Nililijua ladha yake.
Walungu, darasa la tano, mwalimu wangu aliniambia,
“Keti, Nabintu, wewe utaolewa,”
nami nikaketi, na kwa namna fulani
nilikuwa bado nimeketi
miaka ishirini na tatu baadaye, nikiwa nimesimama ubaoni.

Nikasema, “Nimekosea.”

Chaki haikuanguka.
Mabati hayakung’oka.
Kilima cha Kadutu, kinachoporomoka kila Novemba,
siku hiyo kilitulia.
“Njoo, Nsimire, tuitafute wote wawili.”
Tisa toa nne. Tano juu ya kumi na mbili.
Alipokuwa akiandika ile tano
nilisimama kando yake, si mbele yake,
nikaona kwamba naelewa.

Usiku umeme ulikuwa umekatika.
Nikawasha tochi ya simu, nikafungua kitabu cha wanafunzi wangu.
Zihalirwa akauliza nafanya nini.
“Najifunza kazi yangu.”
Akanyamaza, akabeba masahani akaoshe mwenyewe.
Akavunja moja. Hatujalizungumzia.

Siku hizi ufagio unafuata orodha ya majina.
Cikuru anafagia vibaya mno, vumbi linahama tu ukuta.
Kengele yetu ni rimu ya lori,
na anayeigonga wiki hii ni Cibalonza, mfupi,
anaruka ili aifikie.
Baba yake Cikuru alikuja, viatu vimejaa tope:
“Mwanangu wa kiume, na ufagio?”
Nikamjibu kwa sauti yangu ya imla,
polepole, na vituo vyake.
Aliondoka hajaridhika.
Mimi sikutazama sakafu.

Nsimire bado anakosa kila Jumanne, siku ya makaa.
Hilo sijalipatia jibu.
Jumanne jioni nashuka sokoni na daftari,
tunafanya mbili tatu juu ya gunia
huku mama yake anahesabu noti na kusikiliza.
Juzi alimsahihisha binti yake. Sikujua anajua.

Kesho ni kugawanya sehemu kwa sehemu.
Naiogopa.
Usiku huu nimejaribu mara tatu, nimepata mara mbili.
Zinatosha kushikia chaki.